Batisi wa Nyanda za Juu Kusini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni kwa waongoza wageni, wanafunzi wa wanyamapori na yeyote anayeingia misitu ya Rungwe, Mufindi au Udzungwa akiwa na darubini na daftari. Unahusu jenasi Batis, ambao humu tunawaita batisi. Majina ya kisayansi tumeyaacha yalivyo, kwa sababu katika ndege hawa ndiyo yanayookoa muda.

Batisi ni ndege wa namna gani?

Ni mdogo, mnene, kichwa kikubwa na mkia mfupi. Urefu ni sentimita 10 hadi 11, uzito gramu kumi na kitu. Mgongo ni wa kijivu, usoni ana barakoa nyeusi inayopita kwenye jicho, tumbo ni jeupe na kifua kina ukanda wa rangi. Mdomo ni mweusi na bapa, ncha yake imepinda kidogo kama ndoana, na pembeni mwa mdomo kuna vinyweleo vigumu.

Anakula wadudu na buibui, lakini si wa kukaa tawi moja siku nzima akisubiri inzi wapite. Hutua, akatazama majani yaliyo juu yake huku akigeuzageuza kichwa, kisha akachomoka ghafla na kunyakua kiwavi chini ya jani, akatua kwingine. Akipata kiwavi mkubwa humpigapiga kwenye tawi kabla ya kummeza. Ukiona hayo, nusu ya kazi ya kumtambua imeisha.

Mbona vitabu vya zamani vinamwita mkamata inzi na vipya vinamweka kwingine?

Kwa sababu ya mdomo. Kwa muda mrefu ndege mdogo mwenye mdomo bapa na vinyweleo pembeni alitupwa kwenye familia ya wakamata inzi, Muscicapidae, bila maswali mengi. Batisi wa kwanza kupewa jina la kisayansi, yule wa Afrika Kusini, Linnaeus alimwandika mwaka 1766 kama Muscicapa capensis. Friedrich Boie alianzisha jenasi Batis mwaka 1833, ila familia haikubadilika. Mwaka 1951 Ernst Mayr na Dean Amadon waliipanua Muscicapidae hata ikawameza pia kurumbiza na jamaa zao wengi. Ikawa ghala la kila kilichokosa pa kuwekwa.

Vinasaba ndivyo vilivyolifungua ghala hilo. Charles Sibley na Jon Ahlquist, katika kazi waliyoichapisha kwa ukamilifu mwaka 1990, walikuta batisi wanakaa pamoja na vanga wa Madagaska na ndege wa jenasi Prionops. Njia yao ya kupima DNA ilikuwa ya jumla mno na baadhi ya matokeo yao yamekataliwa, lakini kwa batisi walilenga karibu sana. Usomaji wa jeni mojamoja uliofuata umewaweka batisi katika familia yao wenyewe, Platysteiridae, ndani ya ukoo mmoja na vanga na ndege wa Malaconotidae. Kwa hiyo nduguye wa karibu hapa kwetu ni wale Laniarius wa vichakani, walio katika Malaconotidae, dume na jike wanaoitikiana hadi ukadhani ni sauti ya ndege mmoja. Mkamata inzi halisi yuko mbali, upande wa kurumbiza.

Mdomo bapa ni zana ya kazi. Koo tofauti zilizokula wadudu warukao au wanaong'ang'ania majani zimeupata kila moja kwa njia yake. Ndiyo maana mdomo pekee hautoshi kuwa ushahidi wa undugu.

Msitu mmoja wa Rungwe una "wakamata inzi" wa familia ngapi?

Nne, na wote unaweza kuwaona asubuhi moja. Tunapendekeza kila mwongoza wageni awajue kwa tabia kabla ya rangi, maana chini ya miti mikubwa rangi hudanganya.

Muscicapa adusta, wa Muscicapidae, ndiye mkamata inzi halisi: mdogo, kijivu cha kahawia, hana alama za kujivunia. Hukaa wima kwenye tawi la wazi ukingoni mwa msitu, huruka kumfuata mdudu na mara nyingi hurudi tawi lilelile.

Terpsiphone viridis, wa Monarchidae, ni yule mwenye mgongo wa rangi ya kutu na kichwa cheusi chenye kishungi. Dume aliyekomaa huwa na mkia mrefu kupita mwili wake.

Elminia albonotata, wa Stenostiridae, ndiye anayewachanganya watu zaidi. Ni mweusi wa kijivu, ana kishungi, na hatulii hata kidogo: hufungua mkia kama kipepeo cha mkono, ncha nyeupe zikaonekana, huku akigeuka huku na huko. Zamani alikuwa jenasi Trochocercus, na vitabu kadhaa vilivyo mikononi mwa watu bado vinamwita hivyo. Ndugu zake wa karibu ni pamoja na Stenostira scita wa Afrika Kusini na ndege wa jenasi Culicicapa wa Asia.

Wa nne ni batisi. Mkia mfupi, haufungui kama kipepeo, hana kishungi, na ana ile barakoa.

Jenasi Batis ina spishi ngapi?

Kama 20, zote Afrika kusini mwa Sahara. Idadi kamili inategemea orodha unayoifuata. Kwa mfano, batisi wa milima ya Malawi na Msumbiji, Batis dimorpha, wengine humhesabu kuwa spishi kamili na wengine humweka chini ya Batis capensis. Vivyo hivyo Batis reichenowi wa kusini-mashariki mwa Tanzania. Unapoandika ripoti taja orodha uliyoitumia na mwaka wake, kisha ifuate hadi mwisho. Kuchanganya orodha mbili ndani ya jedwali moja ni kosa linalorudiwa sana katika ripoti za wanafunzi.

Ndani ya Platysteiridae mna pia jenasi Platysteira, wale wenye kipande cha ngozi yenye rangi juu ya jicho, na Lanioturdus, mwenye spishi moja tu, wa Namibia na Angola.

Mbeya, Iringa na Njombe nitegemee spishi zipi?

Kwa safari nyingi ni mbili tu. Batis molitor ni wa miombo, vichaka, migunga na bustani zenye miti: bonde la Usangu, Ruaha, viunga vya Iringa. Batis crypta ni wa msitu wa mlimani wenye unyevu: Rungwe, misitu ya Livingstone, Udzungwa, na ng'ambo ya mpaka katika vilima vya Misuku, Malawi. Huyu wa pili amerekodiwa kati ya mita 540 na 2,140 kutoka usawa wa bahari, na hupendelea tabaka la chini na la kati la msitu.

Usitumie mwinuko peke yake kuamua. Batis molitor hupanda juu pia palipo na vichaka na miti ya wazi, na Batis crypta hushuka chini kabisa penye msitu wa asili kwenye miteremko ya Udzungwa. Tazama mimea. Umesimama ndani ya msitu uliofunga, wenye kuvu, mizizi mibichi na giza, fikiria crypta kwanza. Umesimama jua linakuchoma kati ya miombo, ni molitor.

Ukishuka Udzungwa kuelekea mashariki, mambo huongezeka ugumu, kwa kuwa Batis soror wa ukanda wa pwani anafanana mno na molitor. Hapo usikubali kumwandika ndege jina la spishi bila kumwona jike vizuri.

Nawatofautishaje nikiwaona?

Tafuta jike. Hili ndilo jibu letu kwa maswali mengi kuhusu batisi. Madume karibu wote wana ukanda mweusi kifuani na mgongo wa kijivu, na tofauti zao zinataka mwanga mzuri na bahati. Majike ndio wenye alama.

Jike wa Batis molitor ana doa la rangi ya kutu iliyokolea kidevuni, chini yake nyeupe safi, halafu ukanda mwingine wa rangi hiyohiyo kifuani. Kingo ni kali. Mstari wa bawa ni mweupe. Jicho ni la njano.

Jike wa Batis crypta hana mpangilio huo wa doa, nyeupe, ukanda. Rangi ya kutu imesambaa kuanzia kooni hadi kifuani bila mpaka mkali, na bawani pia ana rangi ya kutu mahali ambapo dume ana nyeupe. Kwa mbali anaonekana kama ndege aliyepakwa udongo mwekundu kwa kidole.

Jike wa Batis soror ana doa la kidevu kama molitor lakini limefifia, na kwa jumla ndege huyu ni mpauko.

Tahadhari moja: dume mchanga huanza na manyoya yanayofanana na ya jike. Kati ya mwezi wa Desemba na Machi, unapomwona "jike" mwenye rangi zisizoeleweka, mpe muda. Wazazi mara nyingi wako karibu.

Nimeona dume peke yake. Nifanye nini?

Subiri dakika 10 ukiwa umetulia. Batisi huishi wawili wawili mwaka mzima na jike hayuko mbali. Asipotokea, andika "Batis sp." pamoja na aina ya msitu. Rekodi ya jenasi iliyo sahihi ina thamani kuliko ya spishi iliyobahatishwa.

Batis crypta alitoka wapi mwaka 2006?

Hakutoka popote, alikuwepo na watu walikuwa wakimwona. Hadi mwaka huo batisi wa misitu ya milima ya Tanzania, kuanzia Kilimanjaro na Usambara hadi Rungwe, walihesabiwa wote kuwa Batis mixta. Jon Fjeldså, Rauri Bowie na Jacob Kiure walilinganisha vinasaba na sura za ndege wa kaskazini na wa kusini, wakaonyesha kwamba ni spishi mbili. Jina mixta likabaki kwa wa kaskazini, kwa kuwa ndege aliyepewa jina hilo mwanzoni alitoka Kilimanjaro. Wa kusini wakapewa jina jipya. Ni mwaka mmoja tu baada ya kipunji, aina ya nyani, kutangazwa, naye kutoka misitu hiyohiyo ya Rungwe, Livingstone na Udzungwa.

Basi rekodi zangu za zamani za Batis mixta nizibadilishe?

Ongeza jina jipya, usifute la zamani. Katika jedwali weka safu mbili: moja "jina lililoandikwa", nyingine "jina la sasa". Rekodi ya mwaka 1998 kutoka msitu wa Rungwe itasomeka "Batis mixta" katika safu ya kwanza na "Batis crypta" katika ya pili, na kwenye maelezo uandike "imebadilishwa kwa kufuata eneo". Atakayekuja baada yako ataelewa kwamba hukumwona ndege upya, umetumia ramani.

Njia hii inafanya kazi kwa sababu spishi hizi mbili zimegawana milima. Lakini inafanya kazi tu kama rekodi ya zamani ina mahali. Rekodi iliyoandikwa "Batis mixta, Tanzania, msitu" haiwezi kuokolewa, iache ilivyo. Hii ndiyo faida halisi ya kuandika jina la msitu na mwinuko hata pale unapodhani spishi inajulikana: majina hugawanyika, mahali hapagawanyiki.

Programu za kutunza rekodi za ndege, kama eBird, hubadilisha rekodi nyingi zenyewe spishi inapogawanywa, ila hutumia eneo ulilolichagua. Kama uliweka alama katikati ya wilaya badala ya msituni, kagua mwenyewe.

Kwa nini jina la mtu linalofuata jina la kisayansi lipo ndani ya mabano kwa spishi moja na nje kwa nyingine?

Mabano yanaonyesha kwamba spishi imehamishwa jenasi tangu ilipoelezwa mara ya kwanza. Tunaandika Batis mixta (Shelley, 1889) kwa sababu Shelley, aliyemweleza kwanza, alimweka jenasi nyingine, Pachyprora. Tunaandika Batis crypta Fjeldså, Bowie & Kiure, 2006 bila mabano kwa sababu walimweka Batis tangu mwanzo. Kuondoa mabano "ili ipendeze" ni kubadilisha maana.

Wakati gani na wapi nina nafasi nzuri ya kumwona?

Kuanzia saa 12 na nusu asubuhi hadi saa 4. Juni hadi Oktoba njia za Rungwe zinapitika, ingawa Juni na Julai baridi ya asubuhi ni kali na ndege huchelewa kuchangamka. Usishangae saa moja ya kwanza ikiwa kimya. Mvua zikishika kuanzia Novemba, upande wa Tukuyu huwa na utelezi, na lenzi hujaa ukungu.

Usitembee ukimtafuta batisi. Tafuta kundi mseto, yaani ndege wa spishi mbalimbali wanaopita pamoja wakila. Sikiliza kelele zao, simama mbele ya njia wanayoielekea, na angalia urefu wa mita 3 hadi 10 kutoka chini. Batisi huwa kandokando ya kundi. Darubini ya 8×42 inafaa kuliko ya 10×42 msituni kwa sababu inaonyesha eneo pana na ndege hakai.

Ana sauti gani?

Batis molitor hupiga miluzi mitatu, kila mmoja chini ya uliotangulia, polepole kama mtu anayeshuka ngazi. Ukiisikia mara moja huisahau. Batisi wengi hutoa pia sauti kavu ya kugonganisha mdomo, na mabawa yao hutoa mtetemo mfupi, "frrp", wanaporuka kutoka tawi hadi tawi. Msituni mtetemo huo ndio utakaokujulisha yupo kabla hujamwona.

Ukirekodi kwa simu, chagua programu inayohifadhi faili la WAV, yaani sauti isiyobanwa, elekeza kipaza sauti kwa ndege, jitenge na kijito, na usiseme chochote hadi ndege anyamaze. Ndipo utaje tarehe, mahali na ulichokiona.

Naweza kumpigia sauti yake kwenye simu ili aje?

Anakuja, na hapo ndipo tatizo lilipo: anaacha kula na kulinda kiota ili kumfukuza adui asiyekuwepo. Sekunde 20, mara mbili, basi. Kuanzia Septemba hadi mwisho wa mwaka usipige kabisa. Mahali panapotembelewa na vikundi kila wiki usipige mwezi wowote.

Picha zangu hutoka na ukungu au nyeusi. Kwa nini?

Ukungu ni mwendo: weka shata 1/500 au kasi zaidi, hata kama ISO itapanda hadi 3200. Chembechembe za ISO zinavumilika, jicho lililovutika halivumiliki. Weusi hutokana na anga jeupe nyuma ya ndege, kamera inadhani kuna mwanga wa kutosha. Ongeza mwangaza kwa hatua moja au moja na nusu. Kwa utambuzi, picha ya kidevu na kifua ina kazi kuliko picha nzuri ya mgongo.

Kiota chake kikoje?

Kikombe kidogo kwenye panda ya tawi, kimefungwa kwa utando wa buibui na kubandikwa vipande vya ukoga wa kijivu kutoka kwenye magome, hadi kikafanana na nundu ya mti. Mayai kwa kawaida ni 2. Jike huatamia na dume humletea chakula. Kekeo mdogo wa kijani, Chrysococcyx klaas, hutaga humo, kwa hiyo batisi anayelisha kinda lisilofanana naye si jambo la ajabu. Ukigundua kiota, ondoka ndani ya dakika chache na usikate majani ili upate picha: jua na wanyama wanaokula mayai huingia kwa tundu hilohilo ulilolifungua.

Yupo kwenye mashamba ya misonobari, chai au parachichi?

Batis crypta, usimtegemee. Msonobari uliopandwa kwa mistari hauna tabaka la chini lenye viwavi wa kumtosha. Mufindi mtafute kwenye vipande vya msitu wa asili vilivyobaki kati ya mashamba ya chai, hasa mabondeni. Batis molitor ni mvumilivu zaidi na huingia bustani zenye miti ya kienyeji.

Nahitaji kibali?

Kuingia, ndiyo. Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Mlima Rungwe iko chini ya TFS, Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Kitulo, Udzungwa na Ruaha ni hifadhi za taifa chini ya TANAPA, Shirika la Hifadhi za Taifa. Kukamata ndege kwa nyavu, hata kwa kupima na kuachia, ni jambo jingine kabisa: Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inataka kibali, na mtafiti hupitia TAWIRI (Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori) na COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia). Anza miezi kadhaa kabla.

Rekodi nzuri ya batisi inaandikwaje?

Hivi: "Batis crypta, dume 1, jike 1. Msitu wa asili, kando ya kijito. Mwinuko m 1,850. Saa 1:40 asubuhi (07:40). Urefu wa mita 4, ndani ya kundi mseto. Jike: kutu imesambaa koo hadi kifua, bawa lina kutu."

Makosa matatu hujirudia kwenye data za kwetu. La kwanza ni mwinuko wa simu chini ya miti, unaoweza kukosea kwa makumi ya mita. Toka penye uwazi, subiri dakika 2 au 3, ndipo usome. La pili ni kusahau alama ya kutoa kwenye latitudo. Rungwe ni -9.1, na ukiandika 9.1 ndege wako anahamia mpakani mwa Sudan Kusini na Ethiopia. La tatu ni saa. Mtu anaona ndege saa 1:40 asubuhi, anaingiza 01:40 kwenye programu, na rekodi inasomeka usiku wa manane, wakati hakuna batisi anayekula. Mhakiki huiweka pembeni kwa haki kabisa. Andika saa mbili zote daftarini, ya Kiswahili na ya kimataifa, kama kwenye mfano hapo juu.